NHK kwa Arusha: ungo wa ukubwa gani, na sumo ni saa ngapi?

NjiroBlokC: Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua NHK, shirika la utangazaji la Japani. Nahitaji vitu viwili: kusikia Kijapani kinavyozungumzwa, na kufuatilia sumo, ile mieleka ya Kijapani, ya Septemba. Ungo uliopo ni wa sentimeta 90, na fundi anasema tubadilishe LNB tu, yaani kile kichwa cha ungo kinachopokea mawimbi. Halafu kwenye ratiba ya Tokyo sumo imeandikwa 16:00. Kwa hiyo niwashe saa kumi jioni?

SowetoMoshi: Mangi, mwambie fundi asishike spana kwanza. Huo ungo mdogo ni wa bendi ya Ku, yaani masafa ya juu. NHK WORLD-JAPAN, chaneli yao ya nje, imekuwa ikibebwa na setilaiti ya Intelsat 20, nyuzi 68.5 mashariki, kwenye bendi ya C, masafa ya chini yanayotaka ungo mkubwa. LNB ya C ukiifunga kwenye sentimeta 90 utaona mshale wa nguvu umepanda na ubora ni sifuri. Nguvu inaonyesha tu kwamba LNB inapata umeme na waya mzima, tazama ubora.

Anza na ungo wa futi 6, ila futi 8 ndiyo itakupa amani. Kwenye risiva, sehemu ya masafa ya LNB weka 5150, na zima swichi ya 22K. Wengi wanaacha 9750/10600 ya Ku, wanatafuta siku nzima halafu wanalaumu ungo. Elekea mashariki kamili, geuka nyuzi kama 5 kushoto, yaani kaskazini kidogo, inua nyuzi 53. Moshi na Arusha tofauti haifiki nyuzi moja. Mlima hauzibi, tatizo ni mgrevilea au mparachichi wa jirani upande wa mashariki. Ukipata ubora kidogo, zungusha LNB kwenye kishikio chake taratibu, milimita kwa milimita, hadi ubora upande juu. Masafa yachukue kwenye ukurasa wa NHK siku ileile ya kufunga, kwa sababu hubadilishwa.

KalendaYaTokyo: Kabla ya kununua ungo wa futi 8, jua unachonunua. NHK WORLD-JAPAN ni chaneli ya Kiingereza, iliyoanza kurusha saa 24 mwaka 2009; jina hili la sasa ni la 2018. Utapata habari za NEWSLINE, safari za baiskeli vijijini, mapishi, na muhtasari wa sumo wa dakika 25. Kijapani utakisikia chinichini tu, mtafsiri kakilalia. Wanachotazama Wajapani wenyewe, ile tamthilia ya asubuhi ya dakika 15 iliyoanza 1961, au ya kihistoria ya Jumapili iliyoanza 1963, iko kwenye chaneli za ndani. Kwa nje huenda kwenye NHK World Premium, nayo imefungwa, ni ya kulipia. Ungo peke yake hauifungui.

Sasa saa. Hapa Mswahili kapewa zawadi. Tokyo wametutangulia saa 6, na saa yetu ya Kiswahili nayo imepishana na ya kizungu kwa saa 6. Zinafutana! Soma namba ya Tokyo kama ilivyo. 16:00 kwa saa ya kizungu ni saa 4 yao ya jioni, basi kwako ni saa nne, ya asubuhi. Habari zao kubwa za 19:00 ni saa saba mchana. Tamthilia ya 8:00 asubuhi ni saa nane, ila usiku wa manane, umelala. Wao hawasogezi saa majira ya joto, sisi pia hatusogezi, kwa hiyo hesabu haibadiliki mwaka mzima. Ukiwasha saa kumi jioni, Tokyo ni 22:00 usiku na wanasumo wameshakula.

NjiroBlokC: Duh. Kumbe namba ni ileile! Na sumo yenyewe ni siku ngapi?

KalendaYaTokyo: Siku 15, mara sita kwa mwaka, miezi isiyogawanyika kwa mbili: Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba, Novemba. Daraja la juu hupigana kuanzia karibu 16:00 yao hadi 18:00, yaani kwako saa nne hadi saa sita mchana. Muhtasari wa Kiingereza huja baadaye.

SowetoMoshi: Kama ni sumo tu, achana na ungo, tumia programu ya NHK kwenye simu, ni bure. Video ya kilobiti 1,500 kwa sekunde hula MB 280 hivi kwa dakika 25, kwa hiyo siku 15 ni kama GB 4.2. Shusha ubora kabla hujabonyeza, maana ukiiacha ichague yenyewe kwenye mtandao wenye kasi inapanda juu.

KalendaYaTokyo: Na kwa lugha, sikiliza upande wa redio. NHK ina idhaa ya Kiswahili, na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Sauti ya kilobiti 64, dakika 10, ni MB 5 tu. Pakua kwanza, kisha rudia sentensi moja moja. Ukiacha ipite moja kwa moja, vijineno vya Kijapani kama “wa” na “ga” vinakupita.

NjiroBlokC: Basi fundi nimemwahirisha. LNB irudi dukani.