Mdogo wangu kavunjika mfupa wa bega, kwa nini hawajamfunga hogo?

KakaMkubwa_TZ

Habari zenu wakuu, naomba msaada wa mawazo kwa mnaojua mambo ya mifupa. Mdogo wangu ana miaka 24, anaendesha boda, Jumamosi usiku kateleza kwenye mchanga akaangukia bega la kushoto. Tukamkimbiza hospitali akapigwa eksirei na hiyo picha hata mimi nisiyejua kitu nimeona mfupa umekatika kabisa, kipande kimoja kimepanda juu ya mwenzake. Kwenye cheti wameandika klavikoli. Sasa mimi nilitegemea atafungwa hogo, maana mwaka juzi nilivunjika mkono huku chini karibu na kiganja nikakaa na hogo wiki sita, lakini yeye kafungwa kitambaa tu mkono ukaning'inia shingoni, kapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, basi. Mama hajalala, anasema tumerudishwa nyumbani kwa sababu hatukuwa na hela. Na kuna mzee jirani yetu anavuta mifupa, anataka tumpelekee leo leo kabla haujaunga vibaya. Nimebaki njia panda. Kwanza klavikoli ndio mfupa gani hasa? Na pili, hogo la sehemu hiyo lipo au halipo?

MamaWatatu

Pole sana kaka na mpe pole mama. Klavikoli ndio mtulinga, ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, ukipitisha kidole kutoka hapo chini ya koo unaufuata mpaka kwenye ncha ya bega. Mwanangu wa kati alivunjika huo huo akiwa na miaka 5, kaanguka kutoka kwenye mwembe. Kitambaa tu, mimi nilitumia khanga yangu, wiki ya nne mtoto anacheza kama kawaida. Kwa mtu mzima inachukua muda zaidi ila dawa ni ile ile. Msikubali avutwe.

Ngosha_wa_Ziwani

Mimi natofautiana kidogo, bega langu lilivutwa na mzee wa kijijini kwetu, likalia kwaa, siku ile ile nikainua mkono. Hawa wazee wanajua kazi yao tusiwadharau.

Fizio_Mtaani

Wakuu nafanya kazi ya fiziotherapia, naona watu wa mtulinga kila wiki na wengi ni hao hao vijana wa boda, acha nieleze taratibu.

@Ngosha_wa_Ziwani wewe inaonekana uliteguka, hukuvunjika. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kombe la bega kama chungwa juu ya kisosi, ndio maana mkono unazunguka pande zote, na ndio maana ni rahisi kuchomoka. Nyonga haiko hivyo, kule kichwa cha fupa la paja kimezama ndani kama mchi kwenye kinu, kukitoa lazima iwe ajali kubwa kweli. Kilichochomoka kinarudishwa na ukisikia kwaa ujue kimerudi, ingawa hata hicho ni vizuri upigwe picha kwanza. Kilichokatika ni habari nyingine kabisa.

Sasa mtulinga. Mkono mmoja ukihesabu kuanzia bega mpaka ncha za vidole, pamoja na mtulinga na kombe, una mifupa 32. Katika yote hiyo ni mtulinga peke yake ndio umeungana na mifupa ya kiwiliwili, pale kwenye mfupa wa kidari. Kombe la nyuma linashikwa na misuli tu. Kwa hiyo mtulinga ni kama boriti, unalisukuma bega likae mbali na kifua ili mkono upate nafasi ya kufanya kazi, na mtu akiangukia bega kishindo chote kinapita hapo. Umbo lake nalo limejipinda kama herufi S, katikati ni mwembamba, hapo ndipo wengi wanapokatikia. Hiyo picha uliyoiona ya kipande kupanda juu ni kawaida, upande wa ndani unavutwa juu na msuli wa shingo, upande wa nje unashushwa na uzito wa mkono.

Kwa nini sio hogo: hogo linafanya kazi kwa kufunga kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Wewe ulivunjika karibu na kiganja, inawezekana. Mtulinga je? Ingebidi afungwe kifua kizima na kifua kinapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Kwa hiyo mwambie mama hamkufukuzwa kwa sababu ya hela, hata mwenye hela zake mara nyingi anafungwa kitambaa tu, kinabeba uzito wa mkono na mfupa unaunga wenyewe. Upasuaji upo, anawekwa chuma, ila ni pale mfupa umetoboa ngozi au unakaribia kuitoboa, au vipande vimeachana au vimepishana sana, au mishipa imeumia. Wakimwona wiki ya pili wataangalia hilo, msikose hiyo tarehe.

Na huyo mzee, kwa heshima zote, hapana. Chini kidogo ya mtulinga inapita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayoenda mkononi, na ncha ya pafu iko hapo hapo. Kipande chenye makali kikivutwa kikachoma mojawapo, mkono unaweza kupotea, na maisha pia.

Bucha_la_Kona

Fizio umenifungua macho. Mimi nina bucha mwaka wa 11 na hili la kombe kushikwa na nyama tu nalijua kwa mbuzi bila kujua sababu, mguu wa mbele unatoka kwa kisu peke yake, unaunyanyua, unapitisha kisu kati ya kombe na mbavu, nyama inaachia, mkono huo umeubeba. Wa nyuma ndio lazima utafute kiungo cha nyonga ukate ile kamba iliyoko ndani. Kumbe mbuzi hana mtulinga?

Fizio_Mtaani

Hana mkuu, wala ng'ombe, wala farasi. Mguu wao unaenda mbele na nyuma tu hauhitaji boriti. Sisi tunapanda, tunarusha, tunabeba kichwani. Kuku anao, tena miwili imeungana, ni kile kimfupa cha V pale kifuani.

Na mtulinga una jambo lake moja, ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni, kama wiki ya 5 au 6 ya mimba, na ndio unaomaliza kukomaa mwisho kabisa, ncha ya ndani inaungana mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Huyo dogo wa miaka 24 huenda wake ndio unamalizia sasa.

KakaMkubwa_TZ

Aisee nimewaelewa, ahsanteni sana. Nimfanyie nini usiku wa leo? Akilala chali analia.

Fizio_Mtaani

Asilale chali kabisa, mwekee mito alale nusu ameketi. Kiwiko kiegemezwe. Vidole, kiganja na kiwiko avichezeshe kila siku kuanzia leo, wengi wanaacha mkono mzima umelala ndani ya kitambaa halafu baada ya mwezi nakutana na kiwiko kilichokakamaa. Usimkande wala kumchua. Bonyeza ukucha wake uwe mweupe halafu uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mkono ukiwa wa baridi, ukifa ganzi, vidole vikigoma, au akianza kuhema kwa shida, msisubiri asubuhi. Boda asiiguse mpaka daktari aseme, mara nyingi ni miezi mitatu hivi. Na patabaki kinundu, msiogope.

KakaMkubwa_TZ

Mrejesho. Kucha zake rangi inarudi haraka, vidole anachezesha vyote. Tumemwekea mito mitatu kwenye kochi, mama kaibadilisha ile bendeji akamfungia khanga kwa sababu ilikuwa inamkata shingo, kasinzia kama saa nne hivi. Yule mzee nimemfuata mwenyewe nikamweleza kuhusu mishipa iliyo chini ya mfupa, akanisikiliza mpaka mwisho, kasema basi atakuja kumjulia hali tu mgonjwa.