Tupeane uzoefu: pumu ya ngozi, bakteria, na msimu wa baridi wa nyanda za juu

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajamvi, salaam kutoka Uyole, ambako tangu katikati ya Juni upepo mkavu unatupasua midomo. Binti yangu ana miaka 9 na amekuwa na pumu ya ngozi (ekzema, ule ugonjwa wa ngozi kukauka, kuwasha na kuvimba) tangu akiwa na miezi 5. Kwa muda mrefu mimi na mama yake tuliushughulikia ugonjwa huu kana kwamba ni maambukizi ya kawaida yanayokwisha kwa vidonge. Kila mara nyuma ya magoti na kwenye viwiko kulipoanza kutoa majimaji na kufanya magamba ya rangi ya asali, tulipewa antibiotiki ya siku 7. Magamba yalikauka, mtoto akalala usiku kucha, na baada ya wiki 3 tukajikuta palepale. Daftari lake la mwaka mmoja lina kozi 6.

Mtabibu wa ngozi tuliyemfikia baadaye alituuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: vidonge vikiisha, ngozi yenyewe mnaifanyia nini? Tulitazamana. Ndipo alipotueleza kwamba bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus huishi puani mwa takriban robo ya watu wazima bila kuwadhuru, ilhali kwenye vidonda vya pumu ya ngozi hupatikana kwa takriban wagonjwa 7 kati ya 10. Anaingia kwa wingi kwa sababu ngozi ile imekauka, ina nyufa na imepoteza kinga zake. Akishaingia, anaongeza uvimbe, uvimbe unaibomoa ngozi zaidi, na mtoto anayejikuna anakamilisha kazi. Kumuua bakteria bila kuziba nyufa ni kufukuza mbuzi shambani na kuacha ua likiwa limeanguka.

Naomba tupeane uzoefu wa jambo hilo hasa: nani ameona bakteria wakiuamsha ugonjwa wake, na alifanya nini? Tafadhali tusiandikiane dawa humu.

Mlima Viazi, Makete

Mwalimu, asante kwa kulianzisha. Mimi nina miaka 41 na ugonjwa wangu uko mikononi. Kwenye duka la dawa niliambiwa ni fangasi, nikauziwa krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya tyubu moja. Ndani ya siku 4 mikono ilipona, nami nikaamini kwamba kweli ilikuwa fangasi. Niliipaka miaka 2, hadi shingoni, mpaka ngozi ikawa nyembamba na mishipa ikaonekana.

Ubaya wa tyubu ya namna hiyo ni kwamba haikufundishi chochote: ukipata nafuu, hujui ni kipi kati ya vile vitatu kilichokusaidia. Baadaye nilielezwa kwamba steroidi peke yake, ikituliza uvimbe, hupunguza hata idadi ya hao bakteria, kwa sababu ngozi iliyotulia si makazi mazuri kwao. Kwa hiyo antibiotiki niliyoisifu kwa majirani miaka yote huenda haikuwa na kazi kubwa. Sasa napaka steroidi peke yake kwa siku zilizopangwa, naacha, naendelea na mafuta. Baridi ya Julai bado inanipasua, lakini usaha sijauona tangu mwaka juzi.

Binti wa Kilolo

Mama yangu aliamini ni uchafu. Nilisuguliwa kwa sabuni ya mche na maji ya moto asubuhi na jioni, na kadiri nilivyosuguliwa ndivyo vidonda vilivyozidi kutoa maji. Simlaumu, maana vidonda vyenye magamba huonekana kama uchafu kweli. Chuoni ndipo nilipojifunza kwamba ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 5, na kwamba sabuni ya kipande huipandisha mbali na hapo, hali inayompendeza bakteria huyo huyo. Sweta la sufu la shule nalo lilichangia mwasho.

Mtabibu wa ngozi, Tukuyu

Shikamooni wakubwa. Nilisomea Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na naomba niongeze machache.

Kwanza, bakteria huyu hasubiri ngozi ivimbe ndipo mwasho uje. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha, hasa kwa panya, kwamba mojawapo ya vimeng'enya vyake (protini anazozitoa) huchochea mishipa ya fahamu ya ngozi moja kwa moja na kuleta mwasho. Anayejikuna usiku si mtoto mkaidi. Pili, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba ugonjwa unapoamka, aina nyingi za bakteria wa kawaida wa ngozi hupungua na huyu mmoja kutawala. Matibabu yakifanya kazi, wale wengine hurejea. Baadhi yao hutengeneza kemikali zinazomdhibiti, na antibiotiki za mara kwa mara huwaua nao pia, huku zikizalisha bakteria sugu wasiosikia dawa.

Tatu, na hili huwashangaza wengi: nchini Uingereza watoto wenye maambukizi mepesi juu ya pumu ya ngozi walipewa antibiotiki, za kunywa au za kupaka, pamoja na steroidi na mafuta ya kulainisha, na hawakupata nafuu ya maana kuliko waliopewa steroidi na mafuta bila antibiotiki. Hiyo haimaanishi kwamba antibiotiki hazihitajiki kamwe. Homa, maumivu, wekundu au joto linalosambaa, na usaha mwingi vinazihitaji. Na mkiona malengelenge madogo mengi yanayofanana, yanayouma na kuacha vishimo, mkimbizeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa chanzo huenda ni kirusi cha hepesi, na antibiotiki haitakigusa.

Mlima Viazi, Makete

Marahaba, daktari. Mwalimu, hujatuambia binti anaendeleaje.

Mwalimu wa Uyole

Kweli, nilisahau. Anaoga mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika zisizozidi 10, na anapakwa mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka, kisha tena kabla ya kulala. Kucha zinakatwa kila Jumamosi. Katika miezi 20 iliyopita amekunywa antibiotiki mara moja tu, na safari hiyo alikuwa na homa.

Kilichotusumbua ni kopo. Mkono uliotoka kujikuna ukiingia kwenye mafuta, bakteria wanabaki humo na kesho wanarudishwa kwenye ngozi, kwa hiyo tunachota kwa kijiko safi na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia kopo hilo. Bibi yake alikiona kijiko kile kuwa ni maringo, mpaka tulipomnunulia kopo lake.