Yah: Kumhamisha mbwa kutoka Dar kwenda Hamburg

> Ndugu zangu, salaam. Mume wangu yuko Hamburg, mimi naondoka Dar mwezi Juni kumfuata. Bosco (mbwa wa kienyeji, kilo 24, miaka minne) simwachi. Kachanjwa kichaa cha mbwa Januari, cheti ninacho. Nimeona tiketi ya bei nzuri. Nikate?

Dada, pole na pilikapilika za kuhama. Tiketi usikate bado. Ukiwa na mbwa, tiketi ndiyo inakatwa mwisho, na kwa hesabu yangu Juni Bosco hawezi kuingia Ujerumani hata rubani akiwa shemeji yako.

Tanzania, sawa na Kenya na Uganda, haimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi zenye unafuu kuhusu kichaa cha mbwa. Mbwa anayetoka nchi ambayo haimo, chanjo peke yake haimtoshi. Lazima damu ipimwe ionekane chanjo imeshika. Hapo ndipo miezi inapokwenda.

Hujasema kama ana chipu, kile kifaa kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi. Kama hana, chanjo ya Januari haihesabiki. Chipu inatangulia, chanjo inafuata, hata kama ni siku hiyohiyo kwa daktari huyohuyo. Bila ile namba ya tarakimu 15, nani atathibitisha kwamba aliyechomwa sindano ni Bosco na si mbwa wa jirani? Mwambie daktari wa mifugo aisome chipu kwa mashine kabla ya kuiweka na baada ya kuiweka, wewe ukiwa umesimama pale unaifuatisha namba kwa kidole kwenye kila karatasi: kadi ya chanjo, fomu ya maabara, cheti. Tarakimu moja ikigeuka, kwa mkaguzi wa mpakani huyo ni mbwa mwingine.

Sasa piga hesabu. Leo ni katikati ya Machi. Tuseme wiki ijayo anawekwa chipu na kuchanjwa. Damu haitolewi kabla siku 30 hazijapita tangu chanjo, kwa hiyo ni baada ya tarehe 20 Aprili. Inayotumwa ni seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake), tena kwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Orodha iko kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya, na maabara ya Nancy kule Ufaransa ndiyo inayozipima nyingine uwezo. Jibu la maabara isiyo kwenye orodha ni karatasi tu. Kinga inatakiwa ifike angalau uniti 0.5 kwa mililita. Ikifika, unasubiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa, siyo siku jibu lilipokuja. Umeshafika mwishoni mwa Julai. Isipofika, anachanjwa tena na mnaanza upya.

Habari njema ni kwamba kipimo hicho hakirudiwi maisha yake yote, mradi chanjo za marudio zisipitilize tarehe hata siku moja.

Najua utasema: basi nitangulie, Bosco abaki kwa mama, aje na mtu Agosti. Hapo kuna mtego. Ili ahesabike kama mbwa anayesafiri na mwenyewe, safari yake na yako zisipishane zaidi ya siku tano. Mtu mwingine anaweza kumleta kwa barua yako, lakini ndani ya siku hizo tano. Zikizidi, anaingia kwa masharti ya wanyama wa biashara, na hayo ni makaratasi mengine na gharama nyingine. Mimi ningekuwa wewe ningetazama tarehe za viza. Kama zinaruhusu, sogeza safari mpaka Agosti. Kama haziruhusu, nenda Juni, kisha weka akiba ya kurudi Dar kumchukua mwenyewe.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kinajazwa na kugongwa muhuri na daktari wa mifugo wa serikali, na mnatakiwa muwe mmefika ndani ya siku 10. Ofisi ya kurugenzi ya mifugo izungukie mapema uwajue wahusika, maana siku 10 zikiwa na wikiendi mbili na sikukuu moja katikati ni chache sana. Cheti kiwe na Kiingereza pamoja na lugha ya nchi mnayoingilia. Ukibadilisha ndege Amsterdam, ndipo mnapoingilia Ulaya, kwa hiyo ni Kiholanzi. Ukishukia Frankfurt ni Kijerumani. Ukifika pita njia nyekundu ya forodha, ya wenye kitu cha kutangaza, na makaratasi mkononi. Mbwa mwenye kasoro anaweza kurudishwa alikotoka au kuwekwa karantini kwa gharama yako, na sheria inaruhusu hata kuuawa pale njia nyingine zinaposhindikana.

Kizimba sasa. Kilo 24 hakai na abiria. Mashirika mengi ukomo wao ni kilo 8 pamoja na mfuko wake. Atakaa chini, sehemu yenye hewa na joto la kawaida. Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe Bosco ukutani. Pima pua mpaka mkia unapoanzia, ongeza nusu ya urefu kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele: huo ndio urefu wa kizimba. Upana wa mabega zidisha mara mbili, upate upana wa kizimba. Kimo ni mpaka ncha ya masikio akiwa amesimama, na tandiko juu yake. Pua mpaka mkia ikiwa sentimita 70 na kiwiko 30, urefu wa kizimba ni 85. Usimbanie. Wahudumu wakiona masikio yanagusa dari wanamkataa palepale kwenye mizani. Plastiki ngumu, mlango wa chuma, vipande vifungwe kwa bolti badala ya vibanio vya plastiki, matundu ya hewa pande zote nne. Bakuli la maji lifungwe mlangoni kwa ndani, na maji uyagandishe usiku wa kuamkia safari ili yasimwagike wakati wa kupakia.

Kinunue mapema, kuanzia sasa. Kiweke sebuleni mlango wazi, chakula chake kiwe humo kila siku. Baadaye mlango ufungwe dakika chache, halafu saa, halafu usiku mzima. Dawa ya usingizi usimpe, hata daktari akikuambia ni kidogo: inashusha presha na kumpotezea mizani, na mashirika mengi hayampokei mbwa aliyeleweshwa.

Hamburg kwenyewe: mbwa anaandikishwa, analipiwa kodi ya kila mwaka, anakatiwa bima ya madhara kwa watu wengine, na anatembea na kamba. Mumeo aongee na mwenye nyumba sasa hivi. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2013 kwamba kipengele cha mkataba kinachokataza mbwa wote kwa jumla hakina nguvu, lakini ruhusa bado inapimwa nyumba kwa nyumba. Halafu jiulize Bosco ni mbwa wa aina gani. Kama kazoea kufunguliwa usiku alinde geti na kubwekea kila pikipiki, ghorofa ya tatu yenye majirani wanaolala saa nne patamshinda kabla yako.

Ni mimi, wa Altona

---

Dada, nyongeza kutoka Leeds kwa wanaokuja huku, maana naona wengi wanadhani Uingereza ni vilevile. Chipu, chanjo, damu, miezi mitatu, hayo ni yaleyale. Ila kwa ndege mbwa anaingia kama mzigo wa kago tu, siyo na abiria wala begi, na ni kwa njia zilizoidhinishwa. Tena anapewa dawa ya minyoo tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, imeandikwa saa na tarehe. Ndiyo maana wengine wanashukia Paris au Amsterdam wakavuka kwa feri au treni ya chini ya bahari.

---

Na Marekani je, maana dada yangu yuko Arusha na ana wawili.

---

Minneapolis hapa. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 masharti ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yamebana. Tanzania iko kundi la hatari kubwa. Mbwa awe na angalau miezi sita, chipu kabla ya chanjo, fomu ya CDC, na fomu ya chanjo iliyothibitishwa na daktari wa serikali. Atue kwenye uwanja wenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, kama JFK (New York), Atlanta au Dulles (Washington). Minneapolis moja kwa moja haiwezekani. Nafasi kituoni inakodiwa kabla, na huko anachanjwa tena. Damu itoke angalau siku 28 kabla ya kuingia. Asiyepimwa anakaa karantini siku 28, na bili ni yako. Kwa wawili, mwambie dada aanze na damu.

---

Asanteni sana. Tiketi sijakata. Bosco hana chipu. Daktari kasema Jumanne. Viza ndiyo naisoma sasa, nitarudi na tarehe.