Naomba ushauri: Kwenda Upemba na kiongozi wa safari, mvua ikikaribia

Baba, mama na ndugu zangu, salamu toka Lubumbashi. Naombeni ushauri wenu.

Nataka kwenda Lusinga, ndani ya Hifadhi ya Upemba, siku sita kwenda na kurudi. Ni mwanamke, nasafiri peke yangu, na nimepata kiongozi mwenye Land Cruiser yake. Hadi Likasi sina wasiwasi, ni lami, kama kilomita 120. Kutoka pale kupitia Bunkeya ni udongo, na hapo ndipo roho yangu inasita. Tuko katikati ya Oktoba, naye anataka tuondoke tarehe 5 Novemba. Udongo ule mwekundu ukilowa, gari linateleza kama limekanyaga sabuni.

Jana nilienda kuliangalia gari. Injini inavuma vizuri, bidoni mbili za mazuti (dizeli) zimefungwa nyuma. Lakini tairi la akiba limechanika pembeni, nyuzi zimetokeza, nilizigusa kwa kidole. Winchi ya kulivuta gari likikwama hakuna, koleo ni moja. Nikaomba tufuatane na gari la pili. Bei inakuwa mara mbili, sina uwezo huo. Pesa anaitaka yote kabla ya safari. Nilipendekeza nusu kwa nusu, bado hajajibu. Habari za usalama nimeulizia, sijampata aliyepita huko karibuni.

Mliopita njia hiyo Novemba: gari moja linatosha, au ningoje kiangazi, Mei au Juni? Na kiongozi mnamlipaje bila kumvunjia heshima?