Naomba ushauri: Babu na Bibi walifariki wakipishana siku 19, tuwakumbuke vipi kwa pamoja?

Mjukuu wa Chamwino

Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Mwaka jana katikati ya Julai tulimzika Babu mzaa baba kijijini kwetu wilayani Chamwino, na siku 19 baadaye, arobaini yake ikiwa bado haijafika, tukamzika Bibi pembeni yake. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 50. Ukoo umekubaliana tufanye kumbukumbu moja ya mwaka mmoja na kuyajengea makaburi yote mawili kwa pamoja, nami nimepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku hiyo. Hapo ndipo nilipokwama.

Wasifu wa Babu uliosomwa msibani ulikuwa na kurasa mbili: jinsi alivyobomoa tembe lake mwaka 1971 wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na kuhamia kijiji kipya, ubalozi wake wa nyumba kumi, uzee wa kanisa, na ekari ya zabibu aliyoianzisha wakati majirani wakimcheka. Wasifu wa Bibi, ambao tuliuandika usiku mmoja tukiwa hoi, ulikuwa na mistari saba, na mitatu kati yake ilikuwa majina ya watoto. Ulimalizia kwa kusema kwamba "amemfuata mume wake." Kila aliyekuja kuhani aliirudia kauli hiyo, na najua aliisema kwa upendo, lakini mimi inanichoma, kwa sababu inakifanya kifo cha Bibi kuwa kipande tu cha kifo cha Babu. Bibi alikuwa na shinikizo la damu la miaka mingi. Tulipokunja nguo zake tulikuta vidonge vyake vya mwezi mzima vimefundikwa kwenye pindo la kanga, havijaguswa hata kimoja.

Jambo la pili pengine mtalicheka. Sikio la kushoto la Babu lilikuwa halisikii, kwa hiyo Bibi alikaa kulia kwake siku zote, kanisani, mkekani, hata kwenye benchi la zahanati, na akimkuta mgeni amekaa upande huo alimwomba kwa adabu asogee. Alipofariki, wachimbaji walikuta mwamba upande wa kulia wa kaburi la Babu, wakamchimbia kushoto. Shangazi yangu mpaka leo hajalimeza jambo hilo.

Naomba kujua: tuandike wasifu mmoja au miwili, tujenge jiwe moja au mawili, na kumbukumbu ifanyike tarehe ya nani?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Nimekaa wodini miaka mingi na hayo nimeyaona. Katika utabibu inafahamika kwamba miezi ya mwanzo baada ya mtu kufiwa na mwenzi wake ni ya hatari kwa yule aliyebaki, hasa akiwa mzee, na mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hudhoofika ghafla, mara nyingi kutokana na mshtuko au huzuni kali. Hata hivyo, mara nyingi sababu huwa za kawaida sana: anayeuguza halali usingizi wa kutosha, anakula akikumbuka, na dawa zake anaziweka kando kwa sababu akili yote iko kwa mgonjwa. Ikiwa vidonge vilikuwa vya mwezi mzima, basi huenda Bibi yako aliviacha Babu akiwa bado kitandani. Ningekuwa mimi, ningeifuta ile kauli ya kumfuata mume na kuandika kwamba alimuuguza mume wake mpaka mwisho ilhali yeye mwenyewe ni mgonjwa. Na tafadhali, msianze kulaumiana ni nani alipaswa kuviona vile vidonge.

Mzee wa Kongwa

Mbukwenyi. Mjukuu, andika wasifu mmoja, lakini usiuanzie kwenye ndoa. Bibi yako hakuzaliwa siku aliyoolewa. Nenda kwa ndugu zake wa kuzaliwa, kama wako hai, ukaulize alikuwa binti wa namna gani, mahari yake ilikuwa ng'ombe wangapi na mbuzi wangapi, na ni nani waliopiga naye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwa maana wanawake waliowahi kukaa pamoja na ngoma katikati ya mapaja wanafahamiana kuliko hata sisi waume zao. Waulize wa rika lake walikula nini kwenye ukame wa mwaka 1974. Mwaka wa kuzaliwa, kama mnaubahatisha, uangalieni kwenye kitabu cha ubatizo parokiani kabla hamjauandika kwenye jiwe.

Kuhusu lile tembe, mimi nilikuwa kijana wakati wa Operesheni na niliyaona yakibomolewa. Kwetu miti walikata wanaume, lakini maji na udongo wa kukandika walibeba wanawake kwa vichwa vyao, na tulipohamishwa walianza upya. Sasa mkisema Babu alihama na kujenga, mnakuwa mmesema nusu.

Binti Kondoa

Natofautiana kidogo na Mzee wangu hapo juu, kwa heshima zote. Wazazi wangu walipishana miezi miwili, na kwa kuwa sisi ni Waislamu hatukujengea makaburi, bali tulisoma hitima moja kwa wote wawili ili kupunguza gharama. Leo wanangu hawajui bibi yao alifariki lini, kwa sababu siku yake ilimezwa na ya babu yao. Fanyeni shughuli moja, lakini someni wasifu miwili, wa Bibi uwe wa kwanza, na kila tarehe itajwe. Fedha za sare mkizielekeza kwenye tanki la maji la familia, sidhani kama kuna marehemu atakayelalamika.

Fundi Zege

Mimi hujenga makaburi, nami nitajibu la jiwe tu. Mmefanya vyema kungoja, kwa kuwa udongo wa kaburi unapaswa upitiwe na msimu mzima wa mvua ili ushuke wenyewe, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka kiangazi. Makaburi yakiwa jirani, mwagieni mkanda mmoja wa zege wenye nondo unaoyazunguka yote mawili, upite nje ya kingo za mashimo angalau futi moja ili ukae kwenye ardhi isiyochimbwa, kisha bamba moja la jina upande wa vichwani.

Mwambieni Shangazi hivi: Bibi amelala kushoto kwa Babu, lakini anayesimama miguuni kusoma bamba atamkuta Bibi upande wa kulia.

Mjukuu wa Chamwino

Nawashukuru nyote. Shangazi nimemsomea jibu la Fundi mara mbili. Mara ya pili aliinuka akaenda kusimama mwenyewe miguuni mwa makaburi. Wasifu itakuwa miwili, na shughuli itakuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai, ambayo iko katikati ya tarehe zao, nafaka ikiwa imeshaingia ghalani na uvunaji wa zabibu haujawabana watu.

Jumapili nilikwenda kwa kaka yake Bibi. Ni mzee sana, lakini kumbukumbu yake haijatikisika. Aliniambia kwamba miche ya kwanza ya zabibu ilinunuliwa kwa mbuzi wawili wa Bibi, aliopewa na baba yake, na kwamba Babu ndiye aliyekuwa akisitasita. Kwa hiyo itanibidi nirekebishe na wasifu wa Babu pia, na baba zangu wadogo bado sijawaeleza. Fundi, kwa makaburi mawili yenye mkanda mmoja, niweke bajeti ya mifuko mingapi ya saruji?