Mpapindi wa Ngezi: bado uhesabiwe kuwa hatarini?

Mwenye mada, Chake Chake: Jamani, mpapindi, huu mti wetu wa jamii ya mnazi, umo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kwa kuwa ni mti ulio katika hatari ya kutoweka. Lakini ng'ambo watu wanauotesha bustanini kwa pambo. Mti uliokwishavuka bahari utatoweka vipi? Uondolewe.

Mstaafu wa misitu: Mwanangu, ya bustanini haihesabiwi. Inaangaliwa inayoota yenyewe kwao, na kwao ni Pemba tu, dunia nzima. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro. Ndiyo maana Moore, mtaalamu wa mimea, alipoupa jina la kitaalamu mwaka 1962, aliuita pembanus.

Halafu kuingia orodhani si lazima miti iwe michache. Kuna kigezo cha eneo: mmea ukiwa na makao yasiyofika kilomita za mraba 20 hivi, au sehemu zisizozidi tano, na ikawepo hatari ya kuudhuru kwa mkupuo mmoja, unaingia hata kama leo umejaa tele. Msitu wa Ngezi, makao yake hapa Pemba, ni hekta kama 1,440, yaani kilomita za mraba 14 na ushei. Tufani la 1872 liliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, karafuu zikashamiri huku, misitu ikazidi kufyekwa. Likija jengine likapita Ngezi, je?

Mwenye mada: La eneo nimekuelewa, mzee wangu. Lakini msitu ulimalizwa na mikarafuu, na leo anayeambiwa asiguse ni mama anayetafuta kuni!

Mkaazi wa Konde: Mama gani huyo? Mti wa jamii ya mnazi nani anaupikia? Tusimsingizie mpapindi ugomvi wa kuni, ule una mjadala wake. Mie nataka kitalu hapa hapa kijijini, miche irudi pembezoni mwa msitu. Popo wa Pemba alikuwa ukingoni kabisa, leo ameteremshwa daraja la hatari, na vijiji ndivyo vilivyomlinda.

Mstaafu wa misitu: Kitalu naunga mkono, ila mbegu ziokotwe chini, na nyengine ziachwe ziote. Swali langu kwa Konde: mradi ukifunga ofisi, nani atamwagilia?

Mkaazi wa Konde: Mpeni mwenye shamba linalopakana na msitu, na miche iwe yake. Cha kamati hakimwagiliwi.