Wakuu, nukta za mfululizo kwenye Java zinanigomea, NullPointerException (kosa la kukuta null, yaani hakuna kitu) kila saa

mwana_kikoba:
Habari za jioni wakuu. Natengeneza kaprogramu ka Java ka kumsaidia mama, yeye ndo katibu wa kikoba mtaani na madaftari yamemchosha sana. Wanachama nimewaweka kwenye HashMap (jedwali la kutafutia kitu kwa ufunguo wake), ufunguo ni namba ya mwanachama, afu malipo nasoma kwenye faili la CSV (data zimetenganishwa kwa koma), nakata mstari kwa split(",") napata namba, kisha:

namba.trim();
String mtaa = wanachama.get(namba).getAnwani().getMtaa().toUpperCase();

Kuna wanachama inakubali vizuri tu, wengine programu inakufa hapo hapo kwenye mstari wa pili. M014 yupo kabisa kwenye map, nimemprinti nikamwona kwa macho yangu! Siku ya tatu leo, naombeni msaada.

fundi_wa_usiku:
Pole ndugu. Kila nukta hapo inaita methodi (kazi ambayo kitu kinaweza kufanya) juu ya kile kilichorudishwa na methodi ya nyuma yake, sio juu ya wanachama ulioanza nayo. get inakupa Mwanachama, getAnwani inakupa Anwani, getMtaa inakupa String (maandishi), sasa yeyote kati yao akirudisha null basi nukta inayofuata haina wa kumwita. Vunja huo mstari, kila jibu liweke kwenye kigeu chake, mstari wa kosa utakuonyesha nani karudi mikono mitupu. Unatumia Java ya ngapi? Kuanzia 15 ujumbe wenyewe unataja methodi iliyorudisha null, wewe nahisi uko kwenye 8.

mwana_kikoba:
Ndio mkuu ni 8. Nimevunja, ni get(namba) ndo inarudisha null. Ila M014 yupo jamani! Niweke tu if (m != null) nimruke?

dada_kompaila:
Usimruke mdogo wangu, hayo ni malipo ya watu, ukimruka hela yake haitaonekana kwenye hesabu za mama na hutajua kwa nini. Rudi mstari wa kwanza. namba.trim(), haibadilishi namba. String ya Java haibadiliki ikishaumbwa, trim inakurudishia String nyingine iliyosafishwa na wewe hukuipokea, imepotea. Kwa hiyo unatafuta " M014" yenye nafasi mbele, map inaijua "M014". Andika namba = namba.trim(), halafu uje utuambie.

fundi_wa_usiku:
Daah dada umeona, mimi niliupita huo mstari. Kinachochanganya wengi ni StringBuilder (chombo cha Java cha kuunga maandishi), methodi yake append inaibadilisha yenyewe halafu inairudisha hiyo hiyo, hata usipopokea jibu kazi imefanyika. Na ukienda Python, orodha.sort() inapanga orodha ile ile na kurudisha None, ukiandika orodha = orodha.sort() umeipoteza orodha yako. Kwa hiyo kabla hujaweka nukta nyingine soma methodi inarudisha nini, jina tu halitoshi.

mwana_kikoba:
Dada Mungu akubariki, wanachama wamesomeka!! Kabaki M031 peke yake, huyu get inampata ila getAnwani ndo null.

dada_kompaila:
Huyo sasa ni null ya kweli, anwani hakuandikishwa. Hapo ndo if inafaa, ila malipo yake yahesabiwe, kwenye mtaa andika "haujulikani".

mwana_kikoba:
Sawa dada, nimefanya hivyo. Mama kasema Jumamosi kwenye kikao atamuuliza anakaa wapi.